Mikono Isiyo na Kidonda

Siku machinjio ya zamani yalipofungwa, watu walipasuana. Mwenye mali hakuja mwenyewe. Alimtuma karani asome tangazo akiwa amesimama kwenye ngazi, na karani hakufika mstari wa tatu. Watoa mifupa wa zamu ya asubuhi walimvuta kwa tai, wachunaji wakang'oa mabomba ya maji wakayafanya marungu, na mlinzi wa geti, ambaye miaka yote alikuwa akiwapekua wanawake polepole kuliko kazi ilivyohitaji, alikula kipigo ambacho wengi walikuwa wamemtunzia. Damu ya watu ikachanganyika na ya ng'ombe pale sakafuni, na baadaye hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi.

Katikati ya vurugu hiyo mwanamke mmoja alipita akiambaa ukuta, gambuti miguuni, visu vyake saba amevivirigisha kwenye kitambaa cha turubai na kuvibana kwapani. Aliingia ofisini kupitia dirisha ambalo shemeji yake alikuwa amelivunja kwa kichwa cha mtu. Hakugusa feni wala kiti. Alifungua kabati, akatafuta herufi yake, akatoa faili lake lenye barua za utumishi na vyeti vya miaka kumi na mmoja. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyependa kuacha kazi nusu, akatoa na la shemeji. Akatoka zake kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Bi Faili, na jina la kuzaliwa likaenda likizo.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa mumewe, aliitwa Msumeno. Mtoa mifupa anayeijua kazi hutafuta kiungo kwa ncha ya kisu, taratibu, mpaka akikute. Akishakikuta, paja zima linafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Msumeno hakuwa na subira hiyo. Alikata palepale kisu kilipoangukia, mfupa na yote, na nguvu alizokuwa nazo zilimficha kwa miaka. Mkewe alikuwa amemtoa nje yeye na godoro lake baada ya kuvunjwa naye mbavu mbili, na sasa alilala sebuleni kwa kaka yake, viatu mlangoni, akikoroma kama mashine ya kusaga.

Basi Bi Faili akaanza kutafuta kazi kwa namna ambayo wapangaji wa ile nyumba hawakuwahi kuiona. Alipigilia misumari saba ukutani juu ya kitanda, na kwenye kila msumari akatundika bahasha ya khaki. Kila bahasha ilikuwa kiwanda kimoja. Juu yake aliandika siku aliyopeleka barua, nani aliipokea, alisema nini, na mtu huyo yukoje: kipara, hapendi kusalimiwa kwa sauti, au, mama wa mapokezi, mguu unamsumbua, muulize habari za mguu. Ndani aliweka nakala za vyeti, picha mbili, na karatasi ya maswali aliyoulizwa pamoja na majibu aliyoyatoa, asije akasema hivi leo na vile kesho. Nyuma ya mlango alibandika kalenda: wino mwekundu siku ya kupeleka, wa bluu siku ya kukumbushia. Saa moja kila asubuhi alivaa gambuti zake, akakaa mezani, na hakuzivua mpaka saa sita. Ilikuwa zamu.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba tisa na uwanja mmoja, kwa hiyo siri ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu wengine. Msusi wa chumba cha mkabala alihamishia kigoda cha wateja wake karibu na mlango wa Bi Faili ili asipitwe. Wanawake waliokuja kusukwa waliijua hali ya kila bahasha kama wanavyojua ndoa za majirani. Walisema ile ya tatu imenuna, ile ya tano ina dalili, na kuhusu ya nne, iliyokaa wiki tano bila jibu, msusi alishauri waachane nayo kwa heshima kwa sababu bila shaka ina mwingine.

Msumeno naye alitafuta kazi kwa namna yake. Alikwenda kusimama kwenye geti la watu, akagombana na mlinzi, akarudi nyumbani kula. Cheti chake cha afya alikiwashia jiko. Mumewe Bi Faili, fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata kitambaa alikikata kama anakiomba radhi, alimbembeleza mkewe usiku na mchana amwandikie na mdogo wake. Bi Faili akapigilia msumari wa nane. Alimpeleka Msumeno zahanati akapimwe upya, akamwandikia barua kwa mkono wake, na hakuweka uongo ndani yake. Aliandika kwamba mwombaji ana nguvu.

Wiki ya saba zikaja barua mbili kwa siku moja, kutoka kiwanda kimoja kipya cha nyama: moja yake, moja ya Msumeno. Wafike Ijumaa saa moja asubuhi kwa jaribio la vitendo. Kila mmoja aje na visu vyake na cheti cha afya. Na mstari wa mwisho ulisema mikono ya kila mwombaji itakaguliwa getini. Mwenye kidonda kibichi, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko, hatagusa nyama.

Bi Faili aliusoma mstari ule mara mbili, akaupigia mstari chini. Kuanzia jioni hiyo hakuosha sufuria, hakumenya kitu, hakuwasha jiko. Alilala na soksi mikononi. Fundi akashika upishi, na kwa siku nne nyumba ilikula vitu ambavyo hata yeye hakuvipa jina. Uwanjani walimcheka. Msusi alisema kuna maharusi wa kutunzwa miguu na maharusi wa kutunzwa nyuso, lakini huyu wa mikono ndiyo kwanza anamwona.

Alhamisi Msumeno alitoka asubuhi kwenda kunusa hali kwenye geti la kiwanda kipya. Aliyoyasikia huko yakamgeuza rangi. Nafasi ilikuwa moja, walioitwa wanane. Tena mlinzi, kwa kumchokoza, akamwambia kwamba msimamizi alikuwa ameuliza katika wale wanane yupi ndiye yule mama wa machinjio ya zamani, anayetoa bega la ng'ombe mfupa ukabaki hauna hata cha kumpa nzi.

Alirudi saa kumi alasiri. Bi Faili alikuwa chumbani akipanga vitu vya kesho kitandani, na turubai la visu lilikuwa wazi mezani. Msumeno aliingia bila hodi, akafunga mlango kwa kisigino, akachukua kisu kidogo kuliko vyote.

"Sitaki kukuua, shemeji," alisema, na alisema kwa upole uliotisha kuliko matusi. "Nataka kidole kimoja tu. Kidogo. Wiki mbili kimepona."

Bi Faili alimtazama usoni akaona hatanii. Alimkumbusha nani aliyemwandikia barua ile. Alimwonyesha bahasha nyingine sita ukutani, akamwambia achukue anayoitaka, hata zote, naye mwenyewe atampeleka mlango kwa mlango. Msumeno alijibu kwamba yeye si mtu wa kuzunguka na bahasha, na kwamba hawezi kukaa sebuleni kwa kaka yake akisubiri mwanamke arudi kazini amlishe. Akasogea.

Mtu mwingine angeinua mikono kujikinga. Ndicho Msumeno alichokitegemea. Lakini Bi Faili aliisokomeza mikono yake kwenye makwapa, akaibana hapo, akainamisha kichwa, akamwingia nacho. Paji la uso likatua puani. Ilisikika sauti ya kitu kikavu kinachovunjwa, na damu ikamwagika kidevuni kwa Msumeno kama bomba lililofunguliwa.

Msumeno akampiga kwa mpini wa kisu mdomoni. Jino moja la mbele likaondoka, likagonga kalenda. Bi Faili hakupiga kelele. Alipandisha goti, likampata panapotakiwa, na mwanamume akajikunja, lakini hakuanguka. Alimrukia tena, akambana ukutani penye bahasha zake. Misumari ikamchana Bi Faili mgongo, mmoja baada ya mwingine, na karatasi zikawamwagikia wote wawili kichwani. Mikono yake, iliyofanya kazi miaka kumi na mmoja bila kuambiwa, ilikuwa inamlilia itoke. Alihisi vidole vikitaka koo la yule mtu. Akavikatalia.

Msumeno alikuwa na mkono mmoja wenye kisu. Kwa ule mwingine alianza kumchimbua kwapani, akivuta kiganja kitoke nje. Aliponyanyua kiwiko ili apate nguvu, kidole gumba kikapita mbele ya mdomo wa Bi Faili.

Akakidaka. Hakung'ata ovyo. Katikati ya matusi na ngumi zilizomshukia kichwani, alikitafuta kiungo kwa ulimi, pole kwa pole, mpaka akakikuta. Ndipo akafunga taya.

Mlio wa Msumeno ulifika barabarani. Mlango ukafunguliwa kwa teke na msusi akaingia na kigoda chake, nyuma yake mteja mwenye kichwa kilichosukwa nusu. Kigoda kikamtua Msumeno kisogoni mara tatu, na ya nne ikakosa ikavunja taa. Alitoka kwa kupepesuka, kidole kikining'inia pembeni ya kiganja, akiapa kwamba kesho atafika getini hata kwa kutambaa.

Hakuna aliyemuuliza Bi Faili habari za jino wala mgongo.

"Toa nione," alisema msusi.

Bi Faili akaitoa mikono makwapani, akaifungua mbele yao. Msusi aliigeuza juu na chini, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, na yule mteja akahesabu tena kwa kuwa hakumwamini msusi katika mambo ya hesabu. Hapakuwa na mchubuko. Ndipo Bi Faili alipokaa chini.

Fundi alirudi na futi yake ya kitambaa shingoni. Alikuwa amekutana na mdogo wake njiani. Alisimama mlangoni akiitazama damu, na maneno yaliyomtoka ya kwanza hayakuwa mazuri: aliuliza kama kesho haingewezekana wote wawili wasiende, ili pasiwe na mshindi ndani ya nyumba moja.  Bi Faili alikuwa akiloweka pamba kwenye maji ya chumvi na kuisokota iingie pale palipokuwa na jino. Fundi akapiga magoti akaanza kuokota bahasha. Alizitundika moja moja, taratibu, na zote alizikosea mahali pake. Mkewe alimwachia hivyo.

Ijumaa wote wanane walikuwa getini kabla ya saa moja. Msumeno alikuwa wa nne kwenye mstari, pua imehamia shavuni. Kidole alikuwa amekigandisha kwa gundi ya viatu na kukipaka poda, na kwa mbali kilionekana kama kidole. Bi Faili alikuwa wa sita. Mgongo alikuwa ameufunga kwa shuka lililochanwa, barakoa imemfunika mdomo uliovimba, na ndani ya bahasha yake mlikuwa na barakoa nyingine nne, maana alikuwa ameshafikiria damu.

Muuguzi wa kiwanda alikagua mikono bila haraka, akiminya kila kiungo kama anayechagua matunda. Alipofika kwa Msumeno akaminya gumba. Gundi ikaachia, kidonda kikafumbuka, na Msumeno akajikuta ameinama hadi magotini kwa maumivu. Muuguzi akamwandika, akamwambia aende hospitali, asiende nyumbani.

"Muulizeni yule," Msumeno alisema, akinyoosha mkono mzima kuelekea nyuma. "Muulizeni haya ni meno ya nani. Na mwambieni afumbue mdomo, ana damu kuliko mimi."

Mstari mzima ukageuka. Muuguzi alimfuata Bi Faili, akamkagua mikono kwanza: vidole, viganja, vifundo, hadi viwiko. Safi. Kisha akamwambia ashushe barakoa na afumbue. Bi Faili akafumbua. Pamba ilikuwa bado nyeupe, pembeni tu ikianza kuona haya. Muuguzi aliuliza lini, akaambiwa jana. Akaitazama fomu yake juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Palikuwa na mstari wa mikono, wa majipu, wa kikohozi na wa kuharisha. Wa meno haukuwepo.

Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba anapita. Likidondoka tone moja juu ya nyama, nyama itatupwa na yeye atafuata.

Ndani palikuwa baridi. Mapaja saba yalining'inia kwenye kulabu, kila moja zito kuliko mtu, na ukutani saa kubwa. Dakika arobaini. Bi Faili alitandaza turubai, akavaa glavu ya chuma mkono wa kushoto, akavuta kisu cha kwanza.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Halafu pamba ikalegea. Alihisi chumvi ikigeuka kuwa chuma kinywani, na ulimi ukaelea. Akameza. Mikono iliendelea chini huko, ikifuata mfupa wa nyonga, ikizunguka, ikifungua, kama si ya mtu mmoja na kichwa kile. Akameza tena. Alijifunza mwendo wake: mikato sita, mmezo mmoja. Tumbo likaanza kukataa. Alilikazia.

Dakika ya thelathini yule wa tano, kijana wa miraba minne aliyekuwa akiongoza, alivuta kisu kwa haraka na kikampita juu ya glavu. Kifundo cha mkono kikafunguka na damu ikaruka ukutani, ikaruka kwenye paja, tone moja likatua kwenye gambuti ya Bi Faili. Watu wawili wakamtoa kijana akilia kwa jina la mama yake. Wengine wawili wakaliteremsha paja lake lote, lenye kazi nzuri kuliko zote, wakaliburuta kwenye pipa la kuchomwa. Saa haikusimamishwa. Bi Faili aliiangalia mikono yake ikipunguza mwendo yenyewe, akaiacha.

Alimaliza dakika ya thelathini na nane, wa tatu kwa kasi. Msimamizi akaja. Alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole tisa, na kwa kimoja cha hivyo tisa alipita juu ya kila mfupa kwenye kila meza, kimya, akitafuta nyama iliyosahauliwa. Kwa wa kwanza aliipata. Kwa wa pili aliipata. Kwenye meza ya Bi Faili alipita mara mbili, na kidole kikatoka kikavu.

"Wewe ndiye unayeng'ata?" aliuliza.

Kinywa kilikuwa kimejaa. Alimeza mmezo mkubwa kuliko yote ya siku ile, akasubiri mpaka ulipotulia.

"Nikibanwa," akasema.

Msimamizi akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia jambo la kawaida. Akamwambia aanze Jumatatu. Ukaguzi wa mikono ni kila asubuhi, akaongeza, siku zote za Mungu. Mlango ule haumjui mgonjwa wala mwenye msiba, mwenye kidonda anageuzwa hapohapo, na akigeuzwa mara tatu nafasi anapewa mwingine. Bi Faili alitapika chooni, akabadili barakoa, akatoka.

Nje, ng'ambo ya geti, Msumeno alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi. Hospitali hakwenda. Alikuwa amefunga mkono kwa shati lake, na mkono mzima ulishika nondo. Alikuwa amesikia yote kutoka kwa wale waliotoka kabla yake, na hesabu aliyoipiga Bi Faili chooni huenda na yeye alikuwa ameipiga: kila asubuhi. Hakuna haja ya kumuua mtu. Pigo moja la mlango, kona moja ya barabara, kidole kimoja kila wiki.

Bi Faili alisimama. Alikuwa na visu saba kwapani na njia moja ya kwenda nyumbani. Alirudi mpaka kwa mlinzi, akamwomba amtunzie turubai hadi Jumatatu, akaliandikisha kwenye daftari lake la vitu, namba na saa. Kisha akaisokomeza mikono kwenye makwapa, akavuka barabara, akamwendea moja kwa moja. Msumeno akashuka ukutani akainua nondo.

Bi Faili akamsogelea mpaka wakawa wanavuta pumzi moja. Barakoa aliishusha kwa bega. Midomo ilikuwa myeusi, damu imekauka hadi shingoni.

"Yamebaki thelathini na moja, shemeji," alisema.

Nondo ilibaki juu. Msumeno aliutazama ule mdomo, na bila kukusudia mkono wake uliofungwa shati ukajificha nyuma ya mgongo, na ule wa nondo nao ukaanza kushuka, kidogo kidogo, ukitafuta mfuko. Aliporudi nyuma hatua moja, aligonga ukuta. Akajiegemeza pembeni akampisha.

Mbele kidogo, chini ya bango la kiwanda, fundi alikuwa amesimama na futi yake shingoni, jasho likimtoka kama aliyekimbia. Haikujulikana amekuja kumchukua nani. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mkewe, akavua koti na kuanza kulizungusha mabegani mwa mkewe, akalifunga vifungo vyote mpaka chini, na mikono ikiwa ndani.